Vyombo vyetu vyapamba kuta za ng'ambo. Fundi wa Changamwe apata nini?

Uteo, kinu, mbuzi ya nazi na mkeka vimehama jikoni na kuingia sebuleni mwa watu waishio Ulaya, Marekani na Ghuba. Soko hilo linalisha mikono ya mafundi wa Changamwe, Kisauni na Likoni, lakini limeleta maswali mazito: nani anafaidi, mti unatoka wapi, na ni kitu gani ambacho hakistahili kutundikwa kabisa.

NA MWANDISHI WETU

Ukiiacha barabara ya uwanja wa ndege wa Moi na kuingia Changamwe, kwenye vibanda vya chama cha ushirika cha wachongaji wa Akamba, kinachokupokea kwanza ni mlio wa tezo. Chini ya mapaa ya makuti na mabati, mafundi wameketi, miguu wameinyoosha, gogo limebanwa baina ya nyayo. Mmoja anatoa umbo la kwanza kwa tezo. Mwenzake analainisha kwa kisu. Wa tatu anapiga msasa mpaka mti uteleze. Vumbi limewatanda nywele na kope.

Kigoda kinapokamilika hupakwa rangi ya viatu au nta, kikafungwa kwa magazeti na kupangwa pamoja na vingine vinavyongoja safari. Zamani Ukambani, kigoda cha miguu mitatu kilikuwa cha mzee. Alikikalia miaka nenda miaka rudi, kikawa cheusi na laini kwa kuguswa na mwili.

Hiki kinachosafiri leo huenda kisikaliwe na mtu. Mwenye nyumba Hamburg au Toronto atakiweka kando ya kochi, juu yake aweke taa ya kusomea au chungu cha maua, na wageni wake watakisifu.

Jambo hili halihusu kigoda peke yake. Uteo uliozoea kupepeta mchele sasa unaning'inia ukutani. Kawa iliyofunika sinia la wali imegeuzwa kivuli cha taa. Mkeka umekuwa pambo la nyuma ya kitanda. Vyombo vya kazi vya pwani vimepata kazi ya pili mbali na jiko, na kazi hiyo inapimwa kwa macho badala ya mikono.

Je, hiyo ni heshima kwa fundi au ni njia ya kumsahau? Ukizungumzia jambo hili Changamwe, Kisauni au Likoni utasikia majibu mengi, na kila jibu lina uzito wake.

Kutoka jikoni hadi sebuleni

Wanaovichukua vyombo hivi ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wageni: walioishi Mombasa kwa kazi au utalii, au wanaonunua katika maduka ya kwao yanayoagiza bidhaa za mkono kutoka Afrika. Kwao, umbo ndilo linalovuta. Uteo ni duara lililosukwa kwa ustadi. Kinu ni gogo lenye kiuno kizuri. Mbuzi ya kukunia nazi, ikifunguliwa mikono yake miwili ya mbao, inaweza kubeba kitabu kilichofunuliwa.

Wa pili ni sisi wenyewe. Ndugu zetu wa Mombasa walioko London, Minneapolis, Muscat au Doha nao hubeba vyombo hivi masandukuni. Mama anamfungia mwanawe mbuzi ya nazi ili apike wali wa nazi kama wa nyumbani. Akifika huko, mtoto anakuta tui la kopo dukani na kazi ya zamu mbili kwa siku. Miezi inapita na mbuzi haijakuna hata nazi moja. Siku moja anaipangusa vumbi, anaiweka juu ya rafu mahali pa kuonekana, na hapo inabaki.

Tendo hilo halipaswi kudharauliwa. Aliyeiweka pale rafuni anaitazama kila asubuhi na kumkumbuka aliyemfungia. Watoto waliozaliwa huko huuliza ni kitu gani, na jibu lake huwa darasa la kwanza la nyumbani kwao wasikokujua.

Hata hivyo, si kila aliye ng'ambo ana ukuta wake. Wapo vijana wengi wa kike kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe walioajiriwa kazi za ndani Saudi Arabia na nchi jirani. Wanalala katika chumba cha mwajiri, na cha kutundika hawana ruhusa nacho. Kwao leso ndiyo kila kitu: shuka, ukaya, na pazia la kujisitiri kidogo. Tunapozungumzia mapambo ya nyumbani ughaibuni, tukumbuke kwamba kuwa na ukuta wa kupamba nako ni neema ambayo wengi hawajaipata.

> Kwao leso ndiyo kila kitu: shuka, ukaya, na pazia la kujisitiri kidogo.

Wanaovisifu vyombo hivi kwa macho mara nyingi hawajui kazi iliyomo ndani yake. Mkeka huanza porini au shambani, kwenye mkoma. Majani machanga, yaani miyaa, hukatwa na kuanikwa juani. Yakikauka huchanwa chane nyembamba zinazolingana. Zinazotakiwa rangi huchemshwa katika sufuria ya rangi, kisha huanikwa tena.

Hapo ndipo usukaji unapoanza. Mama husuka ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, huku akizungumza, akilea, akingoja chungu kichemke. Ukili ukishatosha huzungushwa na kushonwa upande kwa upande mpaka mkeka utokee. Kosa la mwanzo huonekana mwisho: ukili uliopinda hutoa mkeka usiolala chini sawasawa.

Upande wa Likoni na vijiji vinavyoelekea Kwale, mnazi nao hautupwi kitu. Majani husukwa makuti ya kuezekea na mapakacha ya kubebea. Kifuu hutiwa mpini kikawa upawa. Leo kifuu hichohicho hukatwa, kikasuguliwa na kupigwa mafuta mpaka king'ae, kikauzwa kama bakuli la kuwekea vipuli au kishikio cha mshumaa.

Chimbuko la karakana

Uchongaji wa Changamwe una historia ndefu kuliko vibanda vyenyewe. Inasimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, mwenyeji wa Wamunyu huko Machakos, alijifunza kuchonga mpingo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi kwao aliendelea kuchonga, wenzake wakamwiga, na kijiji kizima kikageuka kuwa cha mafundi.

Wakamba walikuwa wakichonga tangu kale: vigoda, miiko, mizinga ya nyuki. Kilichobadilika ni mnunuzi. Wazungu wa kikoloni na wanajeshi walitaka vitu vya kupeleka kwao, na wachongaji wakafuata soko hadi Nairobi na Mombasa, penye reli, bandari na meli za abiria.

Mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, wachongaji wa Mombasa waliunda chama chao cha ushirika hapo Changamwe. Kikakua na kuwa na wanachama kwa maelfu. Utaratibu wake ni rahisi na wa haki: kila mwanachama ana nambari yake, na kitu chake kikiuzwa katika duka la chama, malipo hufuata nambari hiyo baada ya chama kukata ada yake.

Upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya kuelekea Malindi, kuna Bombolulu. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1969 na shirika la watu wenye ulemavu wa viungo nchini, APDK. Mafundi wake hutengeneza mapambo ya shaba na shanga, bidhaa za ngozi, vitambaa na vitu vya mbao, na kwa miaka mingi wameuza nje kupitia mtandao wa biashara ya haki. Kwa watu ambao waajiri wengi waliwafungia mlango, tezo na nyundo ndogo ya shaba zimekuwa mshahara na heshima.

Lakini soko linalotegemea mgeni huyumba kila mgeni anapoogopa. Agosti 1997, machafuko ya Likoni yaliwafukuza watalii katika msimu wao. Novemba 2002, hoteli ya Kikambala ililipuliwa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikafuata, kisha janga la korona la 2020 lililofunga viwanja vya ndege. Kila mara hoteli zilipokauka, vibanda vya Changamwe vilijaa vinyago visivyo na mnunuzi, na mafundi wakageukia boda boda, vibarua vya bandarini au mashamba Ukambani.

Ndiyo maana oda ya kutoka ng'ambo ina thamani ya pekee. Mtalii hununua akija. Aliye na nyumba Stockholm huweza kununua hata mwaka ambao hakuna ndege ya watalii iliyotua.

Wanaoliunga mkono soko hili

Hoja ya kwanza ya wanaolitetea soko la mapambo ni ya tumbo. Jiko la Mombasa lenyewe limeviacha vyombo hivi. Nenda Kongowea, soko kubwa la upande wa Kisauni, uangalie kinachouzwa kwa wingi: ungo wa plastiki, mkeka wa plastiki, beseni, kikuna nazi cha umeme. Muuza nazi anakukunia papo hapo kwa mashine. Katika nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kinu cha mti hakina pa kukaa, na mpangaji wa chini hatavumilia kutwanga alfajiri.

Kama mwenyeji hanunui tena, anayebaki kumlisha msusi ni nani? Ni yule anayetaka uteo wa kutundika. Yeye hatauchakaza, ni kweli, lakini pesa yake humfanya mama aendelee kusuka, na bintiye aendelee kutazama mikono ya mama. Ujuzi wa mkono huishi kwa kutumika. Ukikatika kizazi kimoja, kuurudisha ni kazi ya kizazi kingine au haiwezekani kabisa.

Hoja ya pili ni kwamba pambo linaweza kurudisha matumizi. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na kikapu cha kusukwa kikapata tena nafasi mkononi mwa mwenda sokoni. Vijana waliokiona kikapu kama kitu cha nyanya zao wakaanza kukibeba kwa fahari, kwa sababu walishakiona kimepambwa katika mikahawa na picha za simu. Kilichosifiwa nje hurudi nyumbani na cheo kipya.

Hoja ya tatu ni ya utu. Binadamu aliyehama hujenga nyumba kwa kumbukumbu. Mhindi aliyefika Mombasa alikuja na sanduku la mbao la nakshi. Mwarabu wa Hadhramaut alikuja na chetezo na dele ya kahawa. Vitu hivyo vilikaa sebuleni kwanza kama kumbukumbu, kisha vikawa vyetu sote. Kwa nini leo mtoto wa Likoni aliyeko Uingereza anyimwe kufanya vivyo hivyo kwa upawa na kikapu?

Wanaolalamika

Upande wa pili una malalamiko yasiyoweza kupuuzwa. La kwanza ni kuhusu bei. Kati ya fundi na ukuta wa ng'ambo kuna watu wengi: dalali anayekusanya vibandani, mwenye duka la zawadi, msafirishaji, mwagizaji, na duka la mwisho. Kila mmoja huongeza lake. Fundi anayehitaji unga wa jioni huuza kwa bei ya anayelipa sasa hivi, na dalali anajua hivyo.

La pili ni ubora. Chombo cha kazi hujipima chenyewe. Uteo mbaya humwaga mchele, kinu kibaya hupasuka, mbuzi mbaya hukata vidole. Pambo halina mtihani huo. Fundi akishajua kwamba kinu hakitatwangwa, hukichonga chepesi, akatumia mti laini, na shimo lake likawa la kuonyesha tu. Baada ya miaka, mwanafunzi wake hatajua tena kinu cha kweli hutakiwa kizito kiasi gani chini ili kisiyumbe kikipigwa na mchi.

> Uteo mbaya humwaga mchele, kinu kibaya hupasuka, mbuzi mbaya hukata vidole. Pambo halina mtihani huo.

La tatu ni jina. Chombo kinaposafiri, mara nyingi hufika kikiitwa tu cha Kiafrika. Hakisemi kama ni cha Mdigo, Mgiriama, Mkamba au Mswahili wa Mvita, wala kilifanya kazi gani. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili jina la kikoi kama alama yake ya biashara. Ombi hilo liliachwa baada ya kupingwa na Wakenya na watetezi wa biashara ya haki. Lingepita, Wakenya wauzao vikoi Uingereza wangehitaji ruhusa ya kukitaja kitu chao kwa jina lake.

Bunge lilijibu hofu za namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria hiyo inaitambua jamii kama mwenye mali, inataka ridhaa yake kabla ya mtu mwingine kufanya biashara na maarifa yake, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha maarifa hayo. Kwa msusi wa Likoni, rejista hiyo ndiyo ingekuwa ngao yake. Ngao isiyochukuliwa haimkingi mtu.

Kisichouzwa si pambo

Kuna mpaka mmoja ambao watu wa pwani wameulipia kwa machozi. Ni mpaka kati ya chombo cha kazi na kitu cha mizimu.

Wamijikenda, hasa Wagiriama, humsimamishia marehemu aliyekuwa katika chama cha heshima cha Gohu kigango: nguzo ya mti mgumu, yenye kichwa cha duara na mwili uliochongwa pembe tatu kwa pembe tatu. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi, hata jamaa wakihama mji. Kukigusa bila idhini ni kumgusa marehemu, na wazee huhusisha wizi wake na ukame, maradhi na vifo katika ukoo.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, vigango vilianza kung'olewa usiku. Viliuzwa kwa madalali wa sanaa, vikapitia maduka ya vinyago na kufika Marekani. Wanunuzi walivipenda kwa umbo lake lililonyooka, vikasimamishwa sebuleni, vikiwemo vilivyoingia katika nyumba za waigizaji wa Hollywood. Baadaye wenyewe wakavitoa sadaka kwa makavazi.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi Marekani, Udvardy alikiona kimoja kati ya hivyo katika picha zilizokuwa zikionyeshwa. Kilikuwa katika mkusanyiko wa chuo kikuu cha Illinois State. Cha pili kilipatikana katika makavazi ya chuo kikuu cha Hampton, Virginia.

Yeye na mwenzake Linda Giles waliendelea kutafuta wakakuta mamia ya vigango katika makavazi ya Marekani. Viwili vya mzee yule vilirudi kwa ukoo wake mwaka 2007, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Vingine 30 kutoka Denver vilipokewa Nairobi mwaka 2019, na 37 kutoka makavazi ya jimbo la Illinois vikafuata mwaka 2023.

Hayo hayaishii kwenye vigango. Mradi wa pamoja wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na washirika wake wa Ujerumani na Ufaransa umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Vingi kati yake ni vya maisha ya kila siku: vibuyu, vigoda, vikapu, mapambo ya mwili. Viliwekwa ndani ya kabati la kioo wakati wajukuu wa waliovitengeneza hawajawahi kuviona.

Hapa ndipo msimamo wa makala haya unaposimama. Uteo aliousuka mama wa Likoni ili auze, akalipwa, ni halali kupamba ukuta wowote duniani. Kigango hakikusimikwa kiuzwe. Aliyekiuza hakuwa na haki, na aliyekinunua hata kwa nia njema alisimamisha msiba wa wenzake sebuleni mwake. Swali la kuuliza kwanza, kabla ya swali la uzuri, ni kama aliyekitengeneza alikusudia kiondoke.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza kutoa nchini kitu cha kale bila kibali. Anayetaka kupeleka ng'ambo mlango wa nakshi wa nyumba ya zamani, au kiti cha enzi alichorithi, anapaswa kupitia ofisi za Makavazi ya Kitaifa. Vitu vipya vilivyochongwa kwa ajili ya soko havina kizuizi hicho.

Mti nao una hesabu yake

Upo mgogoro mwingine usioonekana kwenye ukuta wa mnunuzi. Kwa miongo mingi mafundi walipendelea muhugu na mpingo. Ni miti migumu, yenye rangi ya kuvutia, lakini hukua polepole mno. Watafiti wa miaka ya 1990 walikadiria kwamba Kenya ilikuwa na wachongaji wapatao 60,000, na kwamba biashara yao ilitumia zaidi ya miti 50,000 kila mwaka. Misitu ya pwani, ukiwemo Arabuko-Sokoke, ilianza kukosa mihugu mikubwa.

Jibu lilipatikana mashambani. Mkilifi, ambao wengine huuita mwarubaini, umejaa pwani nzima. Hukua upesi, ukikatwa huchipua, na wadudu hawaupendi. Wahifadhi wa mazingira walifanya kazi pamoja na wachongaji wa Changamwe kuwahimiza watumie mkilifi na mwembe, na wakulima wa pwani wakaingia katika mpango wa cheti cha kimataifa cha misitu cha FSC, ili mti unaofika karakanani ujulikane umekatwa shamba la nani.

Badiliko hilo lilikuwa na ugumu wake. Mti mbichi wa mkilifi ukifika katika nyumba ya Ulaya yenye vipasha joto hukauka ghafla na kupasuka, na mnunuzi hudai pesa zake. Ikabidi kujifunza kukausha kwa tanuri kabla ya kumalizia. Fundi mwenye haraka ya kulipwa huona kungoja mti ukauke ni hasara. Ni hapo ushirika unapohitajika, kwa kuwa chama kinaweza kungoja pale ambapo mtu mmoja hawezi.

Wanaobeba mpingo wajue pia kwamba tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kanuni zilizolegezwa mwaka 2019 zinaruhusu bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja bila kibali cha mkataba. Pembe za ndovu na ganda la kasa haziruhusiwi hata kidogo. Australia hukagua kwa ukali kila kitu cha mti na majani. Kigoda chenye gome au kikapu chenye mdudu kinaweza kuishia motoni.

KWA UFUPI: Kabla hujafunga sanduku

• Nunua kwa fundi, chama cha ushirika au karakana inayojulikana, na uulize jina la aliyetengeneza.

• Uliza ni mti gani na ulikauka kwa muda gani.

• Usinunue kigango, koma (kigingi cha mizimu), wala kitu chochote kinachosemekana kimetoka kaburini au kayani. Kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008.

• Kitu cha kale kinahitaji kibali cha Makavazi ya Kitaifa.

• Toa vumbi na wadudu, na uondoe gome lote kwenye mti.

Jina la fundi lisafiri na kazi yake

Pande zote mbili zina ukweli, na suluhu haihitaji mmoja ashindwe. Soko la mapambo linaweza kumnufaisha fundi bila kuufuta ujuzi wake, kwa masharti yasiyo magumu.

Sharti la kwanza: chombo cha kupamba kitengenezwe kama chombo cha kazi. Uteo wa ukutani uwe uteo ambao ukishushwa leo utapepeta mchele bila kumwaga. Mnunuzi atalipa zaidi kwa kitu cha kweli kuliko kwa mfano wake, na mwanafunzi wa karakana atajifunza kazi kamili.

Sharti la pili ni kufupisha njia ya pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu aliyeko mbali ameweza kumlipa fundi moja kwa moja. Wana wa Mombasa walioko ng'ambo wanaotuma pesa za karo na matibabu kila mwezi wanaweza pia kuagiza mikeka kwa kikundi cha akina mama wa mtaa wao wa zamani, wakaacha kununua mfano wake katika duka la Ulaya. Oda ya harusi moja au msikiti mmoja inaweza kuwapa wasusi kazi ya mwezi.

Sharti la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Kigoda kinapotoka Changamwe kimeshapewa nambari ya mwanachama, lakini nambari hiyo hufanya kazi dukani tu. Mnunuzi wa Hamburg hajui aliyeshika tezo. Karatasi ndogo yenye jina la fundi, jina la mti, jina la chombo kwa lugha ya wenyewe na kazi yake nyumbani ingebadilisha mengi. Mchoraji wa Ulaya huweka sahihi kwenye picha yake, na sahihi ndiyo inayopandisha bei. Mchongaji na msusi wetu wanastahili haki hiyohiyo.

Na nyumbani Mombasa, tuanze kuvinunua vyombo hivi tena. Shule zinazofundisha sanaa na ubunifu katika mtaala mpya zina walimu wa kutosha Likoni na Kisauni, wale mama wanaosuka ukili barazani. Hoteli na ofisi za kaunti zinazonunua mapambo ya plastiki kutoka nje zina karakana umbali wa safari moja ya matatu. Ni aibu kwa mji wenye Bombolulu na Changamwe kupamba kumbi zake kwa maua ya nailoni.

Serikali ya kaunti ina sheria mkononi tangu 2016. Iandikishe ujuzi wa wasusi wa miyaa, wachonga vinu na watengeneza mbuzi za nazi wa pande zote tatu za ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Iwasikilize wazee kuhusu vitu visivyouzwa, na iwape mafundi alama inayotambulika sokoni. Chama cha Changamwe kianze na ile karatasi ndogo. Haigharimu zaidi ya wino, na kila chombo kitakachoondoka nayo kitamletea aliyekitengeneza mnunuzi wa pili anayemwita kwa jina.